Mwalimu Kwenye Kiti cha Mgonjwa

Kwa jina la Mola, Mpaji wa uhai na Mwenye kuutwaa.

Mwaka umetimia, ndugu yetu mfamasia, tangu ulipotutangulia. Anayekuandikia ni kaka yako mkubwa, kwa niaba ya mkeo, wanao, dada yetu na mjukuu wako.

Uliwafunza wanafunzi wa famasia kuchunguza kama dawa wanazopewa wagonjwa wodini zinatumika ipasavyo. Uliwagawa makundi, kila kundi na dawa yake ya kuchunguza, na alama moja kwa wote waliomo. Kabla ya kuwaendea madaktari, mmoja wao alikalia kiti ulichokiita cha mgonjwa, wenzake wakamweleza waliyoyaona. Asipoelewa, kazi ilirudi mezani.

Nyumbani nako hukutuacha. Dada yetu hakumeza kidonge cha presha bila kuulizwa ni cha nini. Alikubandika jina la Bwana Cha-Nini, nawe ukaliitikia.

Ulipolazwa, kundi moja lilikuwa likichunguza sindano za antibiotiki katika wodi hiyo hiyo. Walitaka kukiruka kitanda chako kwa heshima; ukawaambia heshima hiyo waipeleke kwingine. Wakakuta figo zako zimedhoofu, na dozi ya sindano zako haikupunguzwa. Kila sindano ilizidi kuziumiza. Wakaogopa kulitaja, kwani aliyeiandika ni daktari bingwa, naye ni mwalimu wao pia. Akasema binti mmoja wa kundi hilo, uliyemwita Kimya kwa uchache wa maneno yake:

"Mwalimu, dozi yako imezidi. Figo hazitaihimili."

"Nimekuelewa. Sasa kamwambie aliyeiandika."

"Peke yangu?"

"Kwani alama ni ya nani?"

Wakaenda wote. Daktari aliwasikiliza, akaipunguza dozi siku ile ile, akawashukuru kwa maneno machache. Ukarudi nyumbani, ukampakata mjukuu wako wa kwanza na kumwadhinia sikioni. Muda wako ulipotimia, moyo ndio uliosimama, wala hatuna wa kumlaumu.

Kiti kile kingali darasani. Hukikalia sasa wasiopata kukuona, nao huuliza dawa ni ya nini. Kimya ni mfamasia wa wodi ile ile, na madaktari wamekwisha kumzoea.

Jina lako halitatutoka midomoni. Mola akupe makazi mema, amjaalie mkeo subira, amkuze mjukuu wako katika afya, nasi tuliobaki atujaalie ndimi zisemazo haki kwa adabu, na wenzi wa kwenda nao kuisema. Amin.