Niliyomwambia Domi Garini

Jumapili, jioni. Upepo wa ziwa umevuma kutwa nzima na sasa umetulia. Mimi sijatulia. Mama ameniwekea ugali na sato mezani, vimefunikwa mpaka vimepoa.

Nimesalitiwa. Naliandika hilo kwanza nisije nikalizungukazunguka.

Wiki hii tumekuwa na mashindano ya ndege zisizo na injini huku Ilemela, sisi na Wakenya na Waganda. Ndege hizi huvutwa kwa kamba mpaka zipae, kamba ikaachiwa, kisha rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini ili imbebe. Akiikosa anashuka popote, hata shambani, na mwenzake anamfuata kwa gari lenye trela. Sisi tulikuwa na ndege moja na marubani wawili, mimi na Domi, rafiki yangu kutoka Bukoba. Siku ya kwanza aruke yeye, ya pili mimi, na ya mwisho aruke aliyefika mbali kumpita mwenzake. Ndivyo alivyopanga Bwana Ramji, kiongozi wetu. Na siku hiyo ya mwisho wangekuja wageni kutoka Dar kumtafuta kijana wa kupelekwa kusomea urubani, maana Uhuru umekaribia na nchi itahitaji marubani wake.

Nilifika mbali kumpita Domi. Nilivuka ghuba mpaka upande wa Sengerema.

Sasa, timu yetu ina desturi. Aliyeruka, akishafuatwa, humweleza mwenzake kila kitu njiani bila kuficha: alipokosea, alipopotea, alipoogopa. Hayo ndiyo yanayomsaidia atakayeruka kesho yake. Na tulikubaliana kwamba ya garini hayashuki garini. Basi juzi, tukisubiri kivuko, nilimwambia Domi kwamba katikati ya ghuba, maji matupu chini yangu na ndege inazidi kushuka, mikono ilinitetemeka na nikasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Tulicheka mpaka machozi. Akanipiga begani, "Wewe mwanamume, Saidi."

Leo asubuhi nimemkuta ameshakaa kwenye kiti cha ndege, mikanda imefungwa.

Bwana Ramji akanivuta pembeni na kusema kwa sauti ya kumpa mtu habari za msiba, "Nimesikia ulitetemeka juu ya maji. Siwezi kukurusha tena, bwana. Pole."

Nimesikia! Kutoka kwa nani, kwa samaki? Nilimtazama Domi. Alikuwa anafuta miwani yake, na miwani ilikuwa safi.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Alikuja na shangazi yangu wa Nansio, aliyevuka ziwa kuniona mimi tu. Walikaa kwenye majani na khanga zao mpya. Nikawapa shikamoo zao, kisha nikaenda kumshikia bawa yule aliyenichongea, ndege isilale upande ikivutwa. Niliporudi mama akauliza, "Zamu yako bado, mwanangu?" Nikasema bado.

Domi hakuvuka. Alifika ukingoni mwa ghuba, akazunguka, akazunguka tena, akageuza. Akashukia shamba la pamba lililokwisha kuvunwa huko Usagara, mahali ambapo hata shangazi angefika kwa miguu. Tumekuwa wa mwisho. Wageni wa Dar wameondoka bila kumwita yeyote kati yetu.

Nakiri, alipogeuza nilifurahi. Halafu nikaona aibu, maana ile ni timu yangu. Halafu nikafurahi tena.

Dereva wa kumfuata ni nani? Mimi. Tumefungua mabawa na kuyapakia. Garini ndipo akaanza, kama ilivyo desturi: "Saidi, ndugu yangu, nilipoyaona yale maji..."

"Usiniambie," nikamkatiza.

Akasema alimweleza Bwana Ramji kwa ajili ya usalama wangu tu. Pengine ningemwamini, kama angeanza kuniambia mimi. Tangu hapo mpaka uwanjani barabara ile leo ilikuwa ndefu ajabu.

Uwanjani Bwana Ramji akaniuliza mimi, Domi amesimama pale pale, kwa nini mwenzangu aligeuza. Nilijua. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemmaliza.

"Hewa ilikuwa mbaya," nikasema.

Domi akainamisha kichwa. Asidhani nimemsamehe. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na sitapanda naye gari moja tena. Lakini desturi ile niliikubali kwa kinywa changu, na sikuona kwa nini niivunje kwa sababu yeye ameivunja.

Shangazi anapanda meli kesho asubuhi. Kabla hajaondoka nitawaketisha yeye na mama, niwaambie mwenyewe kabla hawajasikia mjini: niliogopa, na nilivuka.