Kelele mu Antena za Vuhovi

Bruxelles, 4 mars 2025

Papa,
Jambo yako na ya Mama. Magoti yake inaendelea namna gani? Miye niko muzuri, ni baridi tu.

Antena ine zenye tulisimamisha mu shamba yetu zinapata kelele kila siku. Nilikuelezea: kitu kidogo sana kinatoka mbali kule juu, kinagonga hewa, kinapasuka na kushuka sawa mvua yenye haionekane. Ile mvua inatoa sauti ya radio, fupi kabisa, na kelele inaifunika. Nisipopata majuma mbili ya kimya, profesa atafunga kazi ya Vuhovi na mwaka wangu itapotea. Wewe ulifanya kazi ya phonie, ile radio ya kuitana, kule Beni miaka kumi na nane. Unitafutie inatoka wapi.

Mwana wako, Josée

Vuhovi, 11 mars

Josée mwanangu,
Tuko bazima. Magoti imepoa, Mama anafukuza kuku tena.

Nilitembea na karadio kangu mu mukono. Mulio ikazidi, ikazidi, mpaka ku mulango ya poste ya santé, kule banatunza bagonjwa. Ni convertisseur ya panneaux solaires, ile mashini inageuza umeme ya jua juu ya frigo yabo. Infirmière Solange, juu ananiheshimu, alikubali kuizima majuma mbili. Chanjo za mu frigo alipeleka mu muji, Butembo. Haya, sikiliza mvua yako.

Papa

Bruxelles, 12 mars

Papa, merci mingi! Ni kimya sawa kanisa siku ya kazi. Tayari tulishika mvua tatu.

Josée

Vuhovi, 19 mars

Josée,
Jambo. Leo asubuhi nilikuta bamama mu barabara, batoto ku mugongo, bananyeshewa, banaenda Butembo kuchanjisha. Mumoja, Kasonia, alisimama kunishukuru, eti mutoto yetu anafanya kazi kubwa Ulaya. Haya ilinishika. Nilienda kuwasha ile convertisseur miye mwenyewe. Donc kimya yako imekuwa siku nane tu. Ukasirike, uko na haki.

Papa

Bruxelles, 17 avril

Papa,
Jambo yako, na unisamehe kukaa mwezi bila kujibu. Nilikasirika, siwezi kudanganya. Profesa alifunga kazi ya Vuhovi. Nitarudilia mwaka.

Jana nilijaza fomu ya mwisho. Kuna mahali banauliza kelele ilikuwa ya nini. Niliandika: frigo ya chanjo. Halafu nikashindwa kuendelea. Uliniambia chanjo zimeenda Butembo, na miye nikajibu merci. Sikuuliza batoto batafika namna gani. Ninalia hapa mu bureau, na benzangu banazani ni juu ya mwaka.

Umuambie infirmière Solange asizime tena, hata nikimuomba miye mwenyewe.

Mwana wako,
Josée