Kando ya Spika

6 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na lile goti? Mimi mzima, ila vumbi la uwanjani limenikausha koo. Naandika kwa sababu simu huisikii tena, na nimechoka kukupigia kelele mbele za watu. Dereva wa lori la vyombo vya muziki atakuletea.

Bosi amenikabidhi meza ya sauti ya jukwaa kubwa, wikendi zote tatu za tamasha. Anayetandaza nyaya ni yule fundi uliyefanya naye kazi zamani, mliyempa jina la Kimya. Anakusalimu. Jana nilizunguka uwanja mzima nikipiga makofi kusikiliza mwangwi, kama ulivyonifundisha.

Mwanao


8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitania tu. Barua yako nimewasomea majirani mara tatu, sasa wakiniona wanafunga milango.

Kimya msikilize. Akifungua mdomo, ujue kuna jambo. Na ukiwa mezani geuza uso kulia kidogo, sikio la kushoto lielekee spika. Usiniulize kwa nini, ndivyo nilivyozoea.

Baba yako


16 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi mwili mzima, roho siyo.

Jana mchana, wimbo wa tatu, nilikuwa nimebana hedifoni kwenye sikio la kushoto nikitafuta gitaa lililokuwa likipotea. Nilipoinua macho, uwanja mzima umeziba masikio na mwimbaji ametupa maikrofoni chini. Spika zilikuwa zimepiga mluzi karibu dakika nzima. Sikio la kulia lilikuwa wazi, baba, na sikusikia kitu.

Bosi akaja mbio. "Nani kaiweka maikrofoni mbele ya spika?"

Nikasema, "Kimya."

Ni kweli aliiweka yeye, lakini mimi ndiye niliyemwambia aiweke pale. Alinionya, "Hapo italia." Aliponisikia namtaja, alimaliza kukunja waya aliokuwa nao mkononi, akauweka sandukuni, akaondoka. Amefukuzwa, na umri ule.

Nikisema ukweli, kazi sina. Nisiposema, usingizi sina. Nifanyeje? Na hili sikio limeanza lini?

Mwanao


19 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Ya goti tuyaache.

Sikio halikuanza juzi. Mama yako alipofariki sikuwa na wa kukuachia, nikawa nakwenda nawe kazini. Nilikulaza kando ya spika, ndani ya sanduku la nyaya, ukilalia ubavu wa kushoto, sikio la kulia likielekea spika, mchana kutwa. Watu walinisifu kwamba mtoto wangu halii.

Ulipokuwa na miaka tisa nilikuita ukiwa umenipa upande wa kulia. Hukugeuka. Nikaita tena. Kisha nikaenda dukani nikakununulia peremende, nikanyamaza. Baadaye nikakufundisha kazi hii hii, maana sikuwa na nyingine ya kukupa, nikakuzoesha kugeuza uso ili usijue.

Kimya aliliona mapema. Aliniambia nikutoe kando ya spika. Nikamjibu alee wake, aniachie wangu. Kwa hiyo kumhusu yeye, mimi sina mdomo wa kukushauri.

Nisamehe.

Baba yako


2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimekawia kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kukuvunjia heshima, nikakichana.

Nilimwambia bosi kila kitu, mbele ya mafundi wote, kwa kuwa Kimya alifukuzwa mbele yao. Kimya amerudishwa. Mimi nimeondolewa mezani, na wikendi ya mwisho nimekunja nyaya chini yake. Hakunisema hata mara moja. Tulipomaliza kupakia lori alinijia kutoka kulia, akanizunguka, akasimama kushoto kwangu. "Msalimie baba yako," akasema.

Basi anakusalimu.

Nina hasira nawe, baba, na sijui itaisha lini. Jumapili naja. Usiniandikie tena kabla sijafika. Haya uliyoyaandika nataka uyaseme kwa mdomo wako, umekaa kushoto kwangu.

Mwanao