Maiti Aliyekosa Giza

Shoga, hebu sikia. Leo nimekufa mbele ya watu mia mbili, halafu taa zikakataa kuzimika. Zimekataa!

Si unaujua ukumbi wetu wa maigizo, uliokuwa uwanja wa mnada wa ng'ombe? Viti vimetuzunguka pande zote, pazia hakuna. Ukifa, unasubiri giza ndipo uinuke utoke. Sasa giza lenyewe halikuja!

Nimelala chali, fundi wa taa anahangaika na swichi, watu macho yote kwangu. Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma, lakini tumbo wapi, linapanda na kushuka tu.

Mara nasikia viatu. Mama! Mama yangu, hajawahi kuona mchezo wa kuigiza maishani mwake, kainuka kiti cha mbele, hatua mbili tu yuko jukwaani!

Nikajua kwisha habari yangu, ataita daktari. Akapiga magoti, akaangua kilio, akanifunika mtandio wake gubigubi mpaka usoni.

Nikanong'ona, "Mama, mimi mzima."

Akaniinamia sikioni, mabega bado yanatikisika kwa kilio.

"Najua. Tumbo lilikuwa linakuumbua. Haya, pumua."