Mchumba wa Mutheu

Jumapili, 4 Agosti 2024

Tumetoka misa, tumekula, tumekaa mbele ya TV. Mama kwa kiti chake, mimi na Mutheu kwa mkeka. Ni ile tamthilia ya mabinti watatu wa mwenye kinu, enzi za magauni ya kuburuta chini na magari ya farasi. Leo dada mkubwa amekubali kuolewa na tajiri ili wadogo wake wasifukuzwe nyumbani. Mama akapiga makofi! Eti huyo ndiye ana akili. Na mapenzi je? nikamuuliza. Akacheka — mapenzi yatamkuta hapo hapo, ameshiba.

Mutheu hakucheka. Alingoja matangazo, ndipo akasema kuna mtu. Anataka kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa, tarehe kumi na saba, mambo yawe rasmi. Ana duka la mabati na simiti huko Konza.

Mdogo wangu! Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Anaitwa Kilonzo, akasema. Kina Kilonzo ni wengi Ukambani. Nilijiambia hivyo.

Jumatano, 7 Agosti

Ni yeye.

Nimeona picha kwa simu ya Mutheu. Amenenepa kidogo.

Miaka sita iliyopita tulikuwa naye kiwandani, EPZ. Yeye akikata vitambaa, mimi nikishona mifuko ya jeans. Nilimpenda. Lakini nilikuwa nimechoka na maisha ya chumba kimoja, na aliponiomba tuoane nilimjibu mbele ya wenzetu, saa ya lunch: utanilisha nini, vitambaa? Watu walicheka sana. Alifunika chakula chake, akaondoka. Mwisho wa mwezi akaacha kazi.

Mutheu alikuwa shule ya bweni. Hajui. Mama pia hajui.

Nimesema tu: anaonekana mtu mzuri.

Jumapili, 11 Agosti

Tamthilia imepita mbele yangu bure. Mama na Mutheu wamebishana kama yule dada mkubwa anampenda tajiri wake ama anapenda nyumba.

Mimi ninaumwa na nini? Kilonzo, ama duka? Angekuja bado na mkasi wake wa kiwandani, ningeumia hivi? Jibu ninalo. Sitaki kuliandika.

Alhamisi, 15 Agosti

Kilonzo aliningoja nje ya geti la kiwanda saa ya lunch.

"Mbula, sikujua ni dada yako. Nimejua mwezi uliopita, aliponionyesha picha ya familia."

"Unampenda, ama unanilipiza?"

"Siku nilipojua, nilifurahi vibaya. Sikudanganyi. Ilikuwa siku moja tu. Nampenda."

"Basi mwambie."

"Nikisema mimi itakuwa ni kukuchafua. Sema wewe. Ukishindwa, nitasema kabla mbuzi hawajachinjwa."

Heri angenitukana.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilijaribu kumwambia Mutheu asubuhi yote. Mara sufuria, mara wajomba, mara Mama anatafuta leso yake. Mwishowe tukabaki wawili chumbani, nikimfunga zipu ya gauni. Nililishona mwenyewe.

"Kilonzo alifanya kazi EPZ," nikaanza.

"Najua. Kuna mwanamke huko alimdharau mbele ya watu. Hajawahi kunitajia jina." Akacheka. "Huyo saa hii anajuta!"

"Ni mimi, Mutheu."

Nje gari likaingia. Mbuzi wakalia, Mama akapiga vigelegele.

Aligeuka. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Na sasa, unamtaka?"

Nilisema hapana. Nilisema! Lakini nilichelewa — pumzi moja, mbili — na macho yake hayakutoka usoni mwangu.

Akanitoa nje, akafunga komeo. Nimekaa hapa kwa korido, daftari gotini, mgongo kwa mlango wake. Wageni wameshakalishwa. Kilonzo anamuuliza Mama kama anaweza kusema neno kwanza, na Mama anacheka, anamwambia asiwe na haraka, bibi arusi anajipamba. Huko ndani hakuna sauti yoyote. Sasa Mama anakuja huku —