Kifuniko Chenye Vinyweleo

Jumatatu, 3 Juni
Gamba nimemaliza kulieleza, makala imeenda kwa jarida. Mizunguko saba, mistari ya kahawia, mdomo mwembamba. Konokono huyu wa baharini hajawahi kupatikana akiwa na mwili — magamba matupu tu. Sisi hapa maabara tunaye mmoja, kwenye chupa ya spiriti. Mmoja! Na kajikunyata ndani kabisa, haonekani ila kifuniko anachozibia mlango. Kigumu, chekundu, kina vinyweleo. Vinyweleo! Daktari Nthiwa, bosi wangu, anasema hicho pekee kinamfanya spishi mpya.
Jina nitachagua mimi. La mama — Nanjala.

Jumatano, 5 Juni
Wahariri wa jarida wamerudisha makala. Wanataka mwili: kichwa, ulimi, utumbo. Nimevuta kwa koleo mpaka mkono ukafa ganzi. Wapi! Nikaomba ruhusa ya kupasua gamba. Nthiwa akaruka: "Wewe, hiyo ni moja tu tuko nayo! Ukivunja tutashow watu nini?"
Sasa nieleze mwili nisiouona? Nimechoka na huyu mtu.

Jumapili, 9 Juni
Mama kasimama kanisani Kabiria, wakati wa ushuhuda. Eti kuna mnyama wa baharini ataitwa Nanjala, Mungu ni mwema. Vigelegele! Sista Jacklyne akaniuliza kama analiwa. Nilitamani kuingia chini ya benchi.
Nje nikamwambia mama makala bado haijapita. "Si ulisema jina ni yangu?" akanijibu. "Basi itapita tu."

Jumanne, 11 Juni
Nthiwa kakubali, shingo upande. Nikate dirisha dogo tu, kwenye mzunguko wa mwisho wa gamba. Nimekata asubuhi yote nikizuia pumzi. Kipande kimetoka kizima — afadhali!
Nikaweka chini ya hadubini. Mguu. Lakini konokono ana mguu mmoja, mpana, laini. Huu ni mwembamba, una pingili. Nikasogeza taa. Kuna mwingine. Una goti.
Konokono hana goti.
Ni kaa! Kaa aliyehamia gamba la marehemu konokono. Na kifuniko changu, nilichokiandikia kurasa nne, ni gando lake. Laiti tungewahi kumwona akitembea ufuoni, si kwenye chupa tu! Nasikia hasira mpaka machozi.
Nthiwa yuko koridoni, anauliza kwa sauti, "Umefika kwa ulimi?" Nimemjibu bado.
Mama katuma ujumbe: pasta anataka picha ya Nanjala, aiweke kwenye skrini Jumapili.
Nthiwa huyo anakuja. Gamba nimelifunika kwa kiganja —