Meza ya Jumapili

Buffalo, Januari

Dada Lorna mpenzi,

Mtoto ameota jino. Timu yetu ya futiboli ya Kimarekani imeshinda mechi ya mtoano, na hapa nyumbani ni ubishi tu juu ya Krasicki, mrusha mpira wetu mkongwe. Baba mkwe anasema, "Miaka yote hiyo bila kombe? Huyo babu tu." Mume wangu Casey anamjibu, "Akishinda mechi ya Jumapili, mzee, najirusha juu ya meza kutoka juu ya gari."

Unajua mashabiki wetu wanavyojirusha juu ya meza mpaka ivunjike. Juzi Casey aliruka, akalala kwenye theluji bila kuisikia miguu yake, kisha akanikataza nisimwambie mtu. Wewe anakusikiliza, mpigie simu. Naipenda timu hii tangu utotoni, lakini Jumapili nitaomba tufungwe.

Mdogo wako akupendaye,
Tess